Muunganisho ukikwama mara moja kati ya tatu, hesabu nodi

Hitilafu ya kudumu hainisumbui sana. Inayonitoa jasho ni ile ya kuja na kuondoka: mteja analalamika, wewe ukijaribu inafunguka, mwisho anaambiwa akaangalie bando lake. Kwenye Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye kundi la mashine, kabla ya kufungua logi yoyote, mimi huanza na hesabu. Endesha curl, amri ya kutuma maombi ya wavuti, mfululizo, kila ombi kwa muunganisho mpya, uone mangapi yamekwama. Klasta, yaani kundi hilo, ikiwa na nodi (mashine) tatu na karibu theluthi ya maombi inakwama, muache mteja. Shuku nodi moja.

Angalia pia inavyokwama. Ukikataliwa papo hapo, kuna mashine iliyokujibu. Ukisubiri mpaka muda uishe, huenda paketi inatupwa njiani, na hapo mimi hukimbilia externalTrafficPolicy, mpangilio wa huduma unaoamua nodi ifanye nini na maombi yanayotoka nje. Watu huiweka Local ili programu ione anwani halisi ya mteja, jambo la maana kabisa. Ila kwa mpangilio huo, nodi isiyo na podi (nakala ya programu inayoendeshwa) ya huduma hiyo haimpi jirani paketi, inaitupa kimyakimya. Ndiyo sababu huduma hiyo, ikiwa ya aina ya LoadBalancer, hupewa poti ya healthCheckNodePort, inayojibu 200 (sawa) penye podi iliyo tayari na 503 (hakuna huduma) pasipo nayo. Kisawazisha mzigo, kinachogawa maombi kwa nodi, kikisanidiwa kwa mkono huenda kikapima SSH tu, poti ya kuingilia mashine kwa mbali, kikaridhika. Ni duka lenye taa inayowaka bila muuzaji.

Kuthibitisha, badili Local iwe Cluster kwa muda. Hitilafu ikitoweka, umempata mchawi. Usiiache hivyo lakini, maana anwani ya mteja nayo hupotea. Rudisha Local, urekebishe kipimo cha kisawazisha kiulize healthCheckNodePort.

Kama hesabu hailingani na nodi, tazama saa. Muunganisho unaokufa baada ya kukaa kimya ni kesi nyingine: kwa chaguo-msingi, NLB, kisawazisha mzigo cha AWS, husahau muunganisho wa TCP baada ya sekunde 350 za ukimya, cha Azure baada ya dakika 4, ilhali Linux husubiri sekunde 7200 kabla ya kutuma keepalive (paketi ya kuonyesha muunganisho bado uko hai) ya kwanza, tena programu ikiwa imeiomba. Shusha muda huo wa keepalive uwe chini ya kikomo cha kisawazisha chako.

Maombi yakifeli wakati wa kupandisha toleo jipya tu, huenda podi inazimwa kabla habari haijafika kwenye nodi zote. Weka preStop, hatua inayofanyika kabla ya podi kuzimwa, ya kulala sekunde kadhaa, ukijua zinakatwa kwenye zile 30 za chaguo-msingi za terminationGracePeriodSeconds, muda ambao podi hupewa kujifunga.