"Bibi, wewe kaa tu": dhana potofu kuhusu wazee wakati wa janga

Dhana: Kukiwa na janga, mzee asifanye kitu, akae ndani.

Hii ndiyo iliyoenea kuliko zote, na inatokana na upendo. UVIKO-19 ilipoingia Tanzania Machi 2020, wazee wengi huku Nyanda za Juu Kusini walinyang'anywa jembe na ndoo. "Bibi, wewe kaa tu, tutafanya sisi."

Ukweli ni kwamba mzee alitakiwa kuepushwa na msongamano, si na kazi. Misuli ya mtu wa miaka 70 isipotumika hupungua upesi. Wiki chache za kulala tu zinatosha ashindwe kuinuka kwenye kigoda bila kushikwa mkono. Kinachofuata ni kuanguka bafuni na kuvunjika nyonga. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba, siku tatu au zaidi. Mama wa Tukuyu anayepanda kilima kwenda kwenye migomba yake anazipata hukohuko, kwenye hewa ya wazi, mbali na watu. Wa Mwanjelwa, Mbeya mjini, asiye na shamba ainuke na kuketi kitini mara kumi, kisha asimame kwa mguu mmoja akiwa ameshika meza. Afanye hivyo asubuhi na jioni.

Dhana: Baridi ya Juni ikikaza, funga madirisha umwekee jiko la mkaa chumbani.

Baridi ya Makete na Njombe naijua, sibishi. Lakini chumba kisichopitisha hewa hutunza virusi, na mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua watu usingizini. Mpe sweta, soksi na blanketi zito. Moto auote jikoni penye hewa, mchana.

Dhana: Hana homa, basi haumwi.

Mwili wa mzee mara nyingi haupandishi joto hata ukiwa na maambukizi. Tazama mengine: kakataa chai yake, ghafla anachanganya majina ya wajukuu, kaanguka, anahema haraka. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Dhana: Nyungu inaua virusi.

Mvuke hauui kirusi kilicho mwilini, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi inaweza kumuunguza vibaya. Kinga ipo kwenye chanjo, iliyoanza kutolewa nchini Julai 2021, wenye miaka 50 na zaidi wakiwa miongoni mwa waliotangulizwa.

Dhana: Hospitali kuna ugonjwa, dawa za presha ziache kwanza.

Hapana kabisa. Presha na kisukari visivyodhibitiwa ndivyo vinavyoifanya UVIKO-19 iwe kali. Kama mzee anaogopa foleni, muulize mhudumu kama mwanawe anaweza kumchukulia dawa za mwezi mzima, na mjukuu amkumbushe kuzimeza kila siku saa ileile.