Sahani imenakili picha ya kitabu? Ndiyo, na hiyo haiifanyi feki

Jamani hii meseji sasa imenichosha. Mtu kanunua sahani ya fayensi (udongo wenye mpako wa kung'aa uliochorwa) ya Nevers, mji wa Ufaransa, karne ya 17, imechorwa mungu wa Kigiriki Apolo anamkimbiza binti Dafne anayegeuka mti, halafu katika kuperuzi intaneti anakuta picha ileile kwenye kitabu cha zamani, mkono uleule, mguu uleule, basi ananiandikia kwa herufi kubwa NIMEPIGWA, NI KOPI. Ndugu yangu, ni kopi ndiyo, karibu zote ni kopi! Fundi cherehani akishonea gauni kwenye picha uliyomwonesha wewe, utasema gauni ni feki?

Ufundi wenyewe uliletwa na Waitalia, ndugu wa ukoo wa Conrade kutoka mji wa Albisola, waliofika mwishoni mwa karne ya 16 chini ya Louis de Gonzague aliyekuwa mtawala wa Nevers. Mambo ya tanuri mnayajua, choma udongo, chovya kwenye glezi, yaani ule mpako wa kung'aa, ya risasi na bati, chora, choma tena. Ila pale kwenye kuchora ndo penyewe: glezi mbichi ni kama unga mkavu, inanyonya brashi papo hapo, ukikosea hakuna kufuta. Sasa nani akae abuni Dafne anageuka mti juu ya kitu kama hicho? Walikuwa na picha za chapa za vitabuni mezani, zile za hadithi za Ovidi, mshairi wa Kirumi wa kale, zilizochorwa na Bernard Salomon zilizotoka Lyon 1557 na za mchoraji mwingine, Virgil Solis, zilizotoka Frankfurt 1563. Na hapa huwa nacheka peke yangu, maana huyo Solis naye kwa sehemu kubwa kamnakili Salomon, tena nyingi zimegeuka, wa kushoto kawa kulia.

Halafu watu wanadhani kunakili ni kubandika tu. Picha ya Salomon haijazi hata kiganja, ni mstatili, ni nyeusi na nyeupe. Sahani ni duara, nyingine zinakaribia nusu mita. Kwa hiyo mtu anaikuza kwanza kwenye karatasi, anatoboa mistari kwa sindano, anagongagonga unga wa mkaa upite kwenye matundu, ndo anafuata brashi, na mkaa unaungua tanurini. Pembeni kunakobaki wazi anajaza mwenyewe, miamba, mawingu, mti mmoja mkubwa wa kuziba pengo. Mimi naangalia huko! Rangi pia ni zake, bluu ya kobalti, zambarau ya manganizi, njano, kijani cha shaba, rangi ya chungwa. Nyekundu nzuri hawakuwa nayo kwenye moto ule mkali, ndo maana Akteoni, mwindaji wa hadithi hizohizo, anararuliwa na mbwa wake mwenyewe na damu yenyewe ni ya machungwa.

Sasa feki zipo, sikatai, karne ya 19 Ufaransa ilizitengeneza nyingi na nzuri sana. Kijani kikiwa na kromi, ile metali, na muuzaji anasema mwaka 1630, kwisha habari, maana kromi iligunduliwa 1797. Ila kromi isipokuwepo haithibitishi chochote, fundi wa baadaye aliyetumia shaba kama wazee wake anapita hapo bila jasho. Alama chini? Nyingi za kweli hazina. Hata kusema hii ni Nevers na ile ni ya Italia, kwa vipande vya mwanzo mwanzo, wakati mwingine nabahatisha kwa uzoefu tu na mwenzangu anabahatisha kinyume, mafundi ni walewale, vitabu ni vilevile. Upande aliogeukia Dafne nao hausaidii sana, karatasi yenye matundu unaweza kuigeuza ukatumia mgongoni.

Kwa hiyo ukiniandikia, acha kunitumia picha ya Apolo. Nitumie mgongo wa sahani, ukingo uliobanduka glezi, na kijani kwa karibu. Na usiiloweke kwenye dawa ya kutoa madoa kabla ya kupiga picha, ule udongo unanyonya, chumvi zinabaki ndani na baadaye zinaisukuma glezi ing'oke.