Kabla hujauliza "kwani sheria si inaruhusu?"

Ndugu zangu wa Bagamoyo, hapa dawati la ndoa parokiani malalamiko yameongezeka na mengi ni swali lilelile, sheria si inaruhusu? Najua mnauliza kwa nia njema. Kuna anayesema wamekaa sogea tukae miaka miwili, ni ndoa tayari, kanisani waende kufanya nini. Jamani! Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mkikaa miaka miwili au zaidi na watu wakawajua kama mke na mume, mahakama itadhania mmeoana, ni dhana tu na inaweza kupingwa kwa ushahidi, na inamsaidia aliyeachwa asitoke mikono mitupu, sio wewe ukwepe kiapo.

Mwingine kafunga ndoa kanisani, sasa anataka aende bomani aongeze mke. Haiwezekani, maadamu nyote wawili bado Wakristo ndoa hiyo haigeuzwi kuwa ya wake wengi, na hiyo ya pili ni batili hata mkipika pilau la mtaa mzima.

Kwenye michepuko, kifungu cha 72 kinamruhusu aliyesalitiwa, mume au mke, kumdai fidia aliyezini na mwenzake, ila kesi inatupwa kama mdai aliridhia, au mdaiwa hakujua na asingeweza kujua kuwa huyo ni mke au mume wa mtu, na kiasi anakadiria hakimu, bila kukomoa.

Sasa ukiogopa kesi peke yake ndo umekuwa mwaminifu? Mafarisayo nao walimjia Yesu na hati ya talaka ya Musa, akawaambia Musa aliruhusu kwa ugumu wa mioyo yao, tangu mwanzo haikuwa hivyo. Hakimu atamshika aliyeonekana gesti, lakini Mathayo 5:28, inayosema amtazamaye mwanamke kwa kumtamani amekwisha kuzini naye moyoni, inamkuta mtu sebuleni na simu yake, mkewe yuko jikoni.

Wanaotaka talaka, mahakama itakudai kwanza cheti cha baraza la usuluhishi wa ndoa kwamba limeshindwa kuwapatanisha, kisichozidi miezi sita tangu kitolewe, isipokuwa hali chache, mfano mwenzako kakutelekeza na hujui alipo. Na ukiipata, kwetu Wakatoliki bado haikufungui kuoa tena, lazima mahakama ya Kanisa itamke kwamba ndoa ilikuwa batili tangu siku ya kwanza, na tangu 2015 hukumu moja inatosha kama hakuna rufaa. Kwa hiyo usilipie ukumbi kwanza halafu ndo uje kuniuliza.