"Ni nadharia tu"

Safari hii neno hilo nimelisikia kwa mpwa wangu aliye kidato cha kwanza. Alikuwa ananionyesha daftari lake la Historia, mada ya asili ya binadamu, na katikati ya ukurasa kulikuwa na vichwa viwili vilivyopigiwa mstari kwa kalamu nyekundu: nadharia ya uumbaji, namba moja, nadharia ya mageuko, yaani viumbe kubadilika polepole kizazi baada ya kizazi, namba mbili. Kila moja ina mistari mitano chini yake. Akafunga daftari akasema, "Mjomba, kumbe hata hao wanasayansi hawajui. Mwalimu kasema zote mbili ni nadharia tu."

Simlaumu mwalimu wake. Mimi mwenyewe niliandikiwa hivyo hivyo, na vizazi vya wanafunzi wa Tanzania vimeandikiwa hivyo. Kenya waliongeza ya tatu: katika mtaala wao wa 8-4-4, wanafunzi wa kidato cha kwanza walisoma nadharia ya uumbaji, nadharia ya masimulizi ya jadi, kama ya Gikuyu na Mumbi, wazazi wa kwanza wa Wakikuyu, na nadharia ya mageuko. Kwa hiyo wanaouliza kama uumbaji ufundishwe sambamba na mageuko shuleni, kwetu swali hilo lilishajibiwa zamani bila mjadala wowote. Limejibiwa kwa neno moja lililobandikwa juu ya vitu visivyofanana.

Maana yake kwanza. Nadharia katika sayansi ni maelezo yanayounganisha mambo mengi yaliyoonekana na kupimwa, yanayosema kwa nini mambo hayo yako hivyo, na yanayoweza kuangushwa na ushahidi mpya yakiwa si kweli. Inatosha. Ugomvi wangu uko kwenye neno lenyewe na jinsi tulivyolishusha cheo.

Nadharia tumeipata kwa Waarabu, na mzizi wake ni kutazama. Ndugu zake tunao nyumbani: nadhari, yaani kuona na kuzingatia, na mandhari, yaani kile ambacho jicho linakiona mbele yake. Ukisimama juu ya kilima ukaona bonde lote kwa pamoja, mto unavyopita, mashamba yalivyokaa, na ukaelewa kwa nini kijiji kiko pale na si kule, hayo ni mandhari, na uelewa unaokujia ni jirani kabisa wa nadharia. Wagiriki walifika hapo hapo kwa njia yao. Neno lao la nadharia linatokana na kutazama, na mzizi huo huo ndio uliozaa thieta, mahali pa kwenda kutazama. Lugha mbili zisizo na undugu zimekubaliana kwamba nadharia ni kazi ya jicho.

(Nadhiri, ile ya kumwekea Mungu ahadi, si ndugu yake. Kiswahili huandika "dh" moja kwa herufi tatu tofauti za Kiarabu, ndipo maneno ya koo mbalimbali yakaonekana wa tumbo moja.)

Neno la Kiarabu la kukisia ni jingine, nalo pia tunalo: dhana. Kudhani, kumdhania mtu, dhana mbaya, yote yanatoka huko. Qurani, katika sura ya An-Najm aya ya 28, inasema dhana haifai kitu mbele ya haki. Huko ndiko kukisia kulikokuwa kumewekwa tangu mwanzo. Kilichotokea kwetu ni kwamba maneno haya mawili yamebadilishana nguo. Dhana imepanda, siku hizi ina maana ya wazo zito la kitaaluma, na wasomi huandika "dhana ya uhuru" au "dhana ya utu". Nadharia imeshuka, ikavaa kanzu iliyovuliwa na dhana. Anayesema "hiyo ni nadharia tu" alitaka kusema "huko ni kudhani tu". Kiswahili kimempa neno la kusemea hivyo, naye ameshika la jirani.

Nafikiri najua iliposhukia. Sisi tunaikuta nadharia kila mara ikiwa imewekwa mkabala na vitendo. Mtihani wa udereva una nadharia na vitendo. Chuo cha ufundi kina nadharia darasani na vitendo karakana. Fundi akimwambia kijana aliyetoka chuo "wewe una nadharia nyingi", anamaanisha mikono yako haijagusa kazi. Hapo nadharia ni maneno ya karatasini, na matumizi hayo hayana ubaya wowote. Ni Kiswahili safi. Ubaya unaanza pale mtu anapolichukua neno hilo la karakana akaenda nalo kwenye maabara, akadhani nadharia ya wanasayansi nayo ni karatasi isiyogusa kitu.

Kwa jambo ambalo bado linakisiwa, wataalamu wetu walishatupa jina: nadharia tete. Ni tete kama tunavyosema hali tete, haijashika, inaweza kuvunjika ikiguswa. Mtu anaona jambo, anatoa jibu la kujaribu, kisha anakwenda kulipima. Likivunjika, limekwisha. Likistahimili vipimo vya watu wengi, wakiwemo waliotamani livunjike, linaingia katika nadharia. Papa Yohane Paulo wa Pili aliijua tofauti hiyo. Oktoba 1996, akiandikia Akademia ya Sayansi ya Vatikani, alisema maarifa mapya yanatufanya tuitambue nadharia ya mageuko kuwa zaidi ya nadharia tete. Kiongozi wa kanisa kubwa kuliko yote duniani alipima neno hilo kwa uangalifu kuliko sisi tunavyolipima kwenye vitabu vya shule.

Kuna wanaosema basi nadharia ikikua itakuwa sheria, na kwamba mageuko yamekwama utotoni ndiyo maana hayajaitwa sheria. Hapana. Sheria ya sayansi husema kinachotokea. Nadharia husema kwa nini. Hakuna inayokua ikawa nyingine. Kwamba vijidudu husababisha magonjwa, hiyo ni nadharia, na hakuna daktari anayeingia thieta bila kunawa kwa sababu eti ni nadharia tu.

Na ukweli je? Hapa naomba tuende taratibu, kwa sababu ndipo watoto wanapopotezwa. Nyayo za watu wa kale za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, zilizochimbuliwa mwaka 1978 kwenye majivu ya volkano yaliyogeuka mwamba, ni ukweli. Zina umri wa miaka milioni 3.6 hivi, na unaona humo kisigino, upinde wa wayo, kidole gumba kilichonyooka sambamba na wenzake kama chako. Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, alilolikuta mtafiti Mary Leakey pale Oldupai mwezi Julai 1959 ni ukweli. Nadharia ni kile kinachosema kwa nini fuvu lile liko katika tabaka lile na si la juu yake, na tuchimbe wapi tena. Mwaka 1871 Charles Darwin, baba wa nadharia ya mageuko, aliandika kwamba yaelekea wazee wa kale wa binadamu waliishi Afrika. Wakati huo hapakuwa na mfupa hata mmoja wa kale wa namna hiyo uliokwisha kupatikana bara hili. Alisema hivyo kwa sababu sokwe na gorila, wanyama wanaofanana nasi zaidi, wako hapa. Miaka zaidi ya hamsini ikapita ndipo mifupa ikaanza kutoka, Afrika Kusini, kisha Tanzania, Kenya, Ethiopia. Mtu anayekisia tu hapati bahati ya aina hiyo mara zote hizo.

Mfano ulio karibu zaidi na nyumba zetu ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwaka 1949 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alikusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi hiyo akaona jambo: waliorithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja walikuwa wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na wachache nyanda za juu. Kwa nini ugonjwa unaoua watoto usifutike wenyewe? Jibu lake, alilolichapisha mwaka 1954, ni kwamba aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu anapata kinga dhidi ya malaria kali. Palipo na malaria, mtu huyo anaishi na kuzaa. Pasipo na malaria, hana faida yoyote. Huo ni uteuzi asilia, moyo wa nadharia ya mageuko, ukifanya kazi ndani ya damu ya watu wa Kisumu na Mombasa. Mzazi anayekesha wodini na mtoto mwenye selimundu anastahili kuelezwa jambo hili, na anayemweleza asitangulize "ni nadharia tu".

Nasema mageuko, si mageuzi. Mageuzi yanatoka katika kugeuza, yana mtu anayeyaleta: mageuzi ya kilimo, mageuzi ya siasa. Mageuko yanatoka katika kugeuka. Kiswahili kimebeba tofauti hiyo katika konsonanti moja.

Wamarekani wamepelekana mahakamani kwa sababu ya neno hili hili. Majimbo ya Arkansas na Louisiana yalitunga sheria mwaka 1981 kwamba shule ikifundisha mageuko ifundishe na "sayansi ya uumbaji" kwa uzito sawa. Ya Arkansas ilifutwa mwaka 1982, na ya Louisiana ikafutwa na Mahakama ya Juu ya nchi mwaka 1987, kwa kuwa serikali yao hairuhusiwi kuhubiri dini kupitia shule za umma. Baada ya hapo mapambano yakahamia kwenye neno. Mwaka 2002 wilaya ya Cobb, jimbo la Georgia, ilibandika stika ndani ya vitabu vya biolojia ikisema mageuko ni nadharia, si ukweli. Januari 2005 jaji aliamuru zibanduliwe. Rufaa ikarudisha kesi nyuma, na mwisho wa 2006 wilaya ikakubali kutozirudisha.

Mji wa Dover, Pennsylvania, ulikwenda mbali zaidi. Walimu wa biolojia walitakiwa wawasomee wanafunzi tangazo kwamba nadharia ya Darwin si ukweli. Wakakataa, viongozi wa shule wakaja kulisoma wenyewe. Katika kesi ya mwaka 2005, mwanabiokemia Michael Behe, aliyekuja kutetea upande wa "usanifu wenye akili", yaani dai kwamba viumbe vilisanifiwa na mwenye akili, aliulizwa: kwa maana yako pana ya neno nadharia, unajimu, ule wa kutabiri kwa nyota, nao ni nadharia ya kisayansi? Akakubali, kwa maana hiyo, ndiyo. Jaji John Jones alitoa hukumu Desemba 20 mwaka huo dhidi ya bodi ya shule. Nikisoma jibu lile la unajimu hukumbuka daftari la mpwa wangu. Ukilitanua neno mpaka lienee kila kitu, wapiga ramli nao watahamia humo.

Kwetu pia yamefika. Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi yalipokuwa yakikarabatiwa, mwaka 2006, baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili walipinga jinsi Mvulana wa Turkana atakavyowekwa hadharani, mifupa ile ya kijana wa kale iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 magharibi mwa Ziwa Turkana. Walilalamika kwamba nadharia inaonyeshwa kama ukweli. Lakini mifupa haikuwa nadharia. Mifupa ilikuwa mifupa.

Sasa uumbaji. Mimi ni mtu wa imani, na linaloniuma zaidi ni kuuita uumbaji nadharia. Nadharia lazima iwe tayari kuangushwa kesho asubuhi na mfupa mmoja ulio mahali pasipotakiwa. Nani kati ya waumini ameiweka imani yake kwa masharti hayo? Anayeuingiza uumbaji kwenye orodha ya nadharia anadhani anaupandisha, kumbe anaukabidhi kwa watu wa vipimo na mizani. Shule zetu zina vipindi vya dini, Maarifa ya Biblia na Elimu ya Dini ya Kiislamu, vyenye walimu wake na mitihani yake. Uumbaji una kiti chake pale, na hauhitaji kuazima jina la jirani ili uheshimiwe.

Lugha yenyewe haina ugomvi huu. Kuumba kumetupa umbo, maumbile, kiumbe. Mwalimu wa biolojia anayefundisha mageuko kutwa nzima husema viumbe hai, viumbe hai, yaani vilivyoumbwa, na hakuna aliyewahi kumwambia anahubiri. Neno la imani limekaa ndani ya somo la sayansi kwa amani kwa sababu hakuna aliyeligeuza kuwa ushahidi.

Jioni ile sikumwambia mpwa wangu mwalimu kakosea. Mtihani ukija, aandike kama alivyofundishwa, alama ni zake. Nilimwomba tu kalamu ya risasi, na pembeni ya kichwa namba moja tukaandika neno "imani", kwa herufi ndogo. Akauliza, "Na hii namba mbili?" Nikamwambia hiyo iache hivyo hivyo, jina lake ni sahihi, ila ile "tu" asiiandike.