Rangi za mimea na mafuta kwenye ini, maana yake nini hasa

Ile zambarau ya bilinganya au wekundu wa nyanya ni kemikali, mmea unaitengeneza wenyewe, mfano kujikinga na jua. Zambarau na bluu nyingi zinatokana na anthosianini, rangi ya chungwa kama ya karoti ni karotenoidi, na laikopini ya nyanya nayo imo kwenye kundi hilo hilo la karotenoidi.

Sasa ini. Ukila sukari nyingi kila siku, ile ya ziada ini linaigeuza mafuta na yanakaa ndani ya seli kama vitone vidogo vidogo, na seli zenye vitone zikizidi asilimia 5 ndo wanasema una ini lenye mafuta. Mara nyingi haliumi kabisa, mtu anakuja kujua akipigwa ultrasaundi kwa jambo lingine.

Wengi wanadhani rangi hizi zinaosha mafuta kama sabuni, hapana jamani, zinachofanya ni kuipa seli taarifa. Ndani ya seli kuna protini inaitwa AMPK, inapima nishati iliyobaki, na ikiamshwa, mfano na anthosianini, inaiamuru seli iache kutengeneza mafuta mapya ianze kuchoma yaliyopo. Maabara wanazimwagia seli za ini asidi za mafuta mpaka zijae vitone, wanaweka anthosianini, halafu wanatia kemikali nyekundu inayoshika mafuta tu, na kweli wekundu unaonekana umepungua.

Ila hapo ndo watu wanakimbilia kutangaza dawa, na mimi inaniuma kwa sababu kwenye kisahani cha maabara rangi inaigusa seli moja kwa moja, ila ukiila anthosianini inayofika kwenye damu ikiwa nzima ni kidogo sana, nyingi inavunjwa na bakteria wa utumbo na ini linapata mabaki yake tu, ambayo huenda nayo yana kazi. Karotenoidi ndo kabisa, bila mafuta kidogo kwenye mlo hazifyonzwi vizuri, na nyanya iliyopikwa inatoa laikopini kirahisi kuliko mbichi. Majaribio kwa binadamu mengi bado ni madogo, wakati kupunguza uzito kumeshathibitika, hata asilimia 5 tu, yaani mtu wa kilo 90 akishuka kilo 4 na nusu, mafuta ya ini yanaanza kupungua.

Kula hizo mboga na matunda kwa raha zako. Vidonge vya rangi iliyokolezwa ndo viogope, maana kurkumini, ile ya kwenye binzari, ni rangi ya manjano tu ya kawaida lakini kuna watu wameumwa ini, tena vibaya, baada ya kumeza vidonge vyake.