Mnara wa taa haumuliki njia

Juzi nilikuwa ufukweni Kibirizi, nasubiri boti. Kando yangu kijana mmoja alikuwa akiwaeleza wageni mandhari ya Kigoma. Akaunyooshea kidole mnara wa simu ulioko mlimani, ule wenye taa nyekundu juu, akasema: "Ule ni mnara wa taa, unawamulikia wavuvi wa dagaa." Nikanyamaza. Wiki hiyohiyo mhubiri akatuasa tuwe minara ya taa, "tumulike mapito ya wenzetu." Na huyo nikamnyamazia. Lakini kunyamaza nako kuna kikomo.

Maana yenyewe haina kona nyingi. Mnara wa taa ni jengo refu lililosimamishwa pwani, kisiwani au juu ya mwamba, likiwa na taa kali kileleni, ili nahodha akiiona usiku ajue yuko wapi na hatari iko upande gani. Basi.

Utamu uko kwenye neno. "Mnara" limetoka kwenye Kiarabu, *manara*, lenye shina moja na "nuru". Ile *ma-* ya mwanzo katika Kiarabu huonyesha mahali: maktaba ni mahali pa vitabu, mahakama pa hukumu, madrasa pa masomo. Manara, basi, ni mahali pa nuru. Waswahili tulipolipokea neno tukaidhani ile m- ni yetu, tukaliweka fungu moja na mti na mkono: mnara, minara. *Masjid* nayo tukaifanya hivyohivyo, ikawa msikiti, misikiti. Kwa hiyo ukitaka kubana sana, anayesema "mnara wa taa" anataja taa mara mbili. Sibani hivyo. Neno limeshahama kwao, na kwetu mnara ni kitu kirefu tu, hata ukiwa gizani. Tena si lazima uwe mrefu: pale Ujiji tuna mnara wa kumbukumbu ya Livingstone na Stanley kukutana mwaka 1871, na huhitaji kukaza shingo kuutazama.

Waarabu waliuita manara hata ule mnara wa taa wa kale wa Alexandria, Misri, uliosimama kwenye kisiwa kidogo cha Pharos tangu karne ya 3 kabla ya Kristo. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika hapo mwaka 1326 akakuta upande mmoja umebomoka. Aliporudi 1349, baada ya kuzunguka dunia na kupita hata Kilwa yetu, akakuta gofu lisiloingilika. Jina la kisiwa ndilo lililobaki: Wafaransa huita mnara wa taa *phare*, Waitalia *faro*.

Sasa nije kwenye kinachoniuma, yaani hilo neno "kumulika". Mtu wa Kigoma ndiye wa mwisho kusamehewa hapa, kwa sababu taa ya kumulika anaijua vizuri. Usiku wa giza, ziwa likijaa mitumbwi ya dagaa, unaona kama mji mwingine umeota majini. Zile karabai, na siku hizi taa za betri, zinamulika maji yaliyo chini yake ili dagaa wavutike na kupanda juu. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika, maana taa inashindana na mwezi. Mvuvi haitazami taa yake. Anatazama kile inachokiangaza.

Mnara wa taa ni kinyume chake. Hauangazi njia, wala mwamba, wala meli. Kazi yake ni kuonekana. Nahodha anaitazama taa yenyewe, na kila mnara huwaka na kuzima kwa mpangilio wake ili usichanganywe na jirani yake. Ndiyo sababu unajengwa mrefu: dunia imepinda, na taa iliyo mita 30 juu ya maji huweza kuonekana na jicho lililo karibu na usawa wa bahari kutoka kilomita kama 20, ikiwa ina nguvu ya kutosha. Ishushe mpaka kimo cha karabai, nguvu yake iwe ileile, umbali huo unakatika vibaya.

Chukua Chumbe, kisiwa kidogo kusini mwa mji wa Zanzibar. Waingereza walijenga mnara pale mwaka 1904, na kando yake kuna msikiti mdogo. Mwaka 1926 taa ikageuzwa kuwa ya gesi, ikajiendesha bila mlinzi. Kwa miaka yote hiyo haijamwonyesha nahodha hata jiwe moja. Inamwambia tu: Chumbe ni hapa, usisogee. (Matumbawe yaleyale ambayo meli zilikuwa zikiyakwepa, tangu 1994 ni hifadhi, na watu hupanda boti kwenda kuyatazama.)

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Kibirizi, kuuita ule mnara hukukosea. Ila taa yake nyekundu ni ya marubani, wauone wasiugonge. Wavuvi wana zao. Na wewe mchungaji wangu, mahubiri yalikuwa mazuri. Jumapili ijayo, ukitaka tumulike, tuambie tuwe karabai. Wakigoma tutakuelewa haraka zaidi.