Kupuliza kwa mdomo si kupima kipima kasi cha ndege

Wapo wanaoamini kwamba ukipuliza kwenye mrija wa pito, ule unaopokea upepo wa mbele ndege ikienda, na sindano ya kipima kasi ikainuka, mfumo ni mzima. Sivyo. Sindano kuinuka huonyesha tu kwamba njia haijaziba kabisa. Haisemi kama kasi inayosomeka ni sahihi, wala kama kuna bomba linalovuja nyuma ya dashibodi.

Tena ni hatari. Kwa kasi ya kilomita 185 kwa saa, karibu na usawa wa bahari, shinikizo la ziada mrijani ni takriban paskali 1,600 tu. Mapafu ya mtu mzima huvuka hapo bila taabu, na kipima kasi kikaharibika.

Fundi huvisha adapta inayoubana mrija sawasawa na kuziba hata kile kitundu cha kutolea maji. Pampu yenye kipimo hupandisha shinikizo polepole, na kulishusha polepole vilevile. Kuichomoa adapta ghafla ni kuitafutia sindano ajali. Sindano ikishuka yenyewe, usikimbilie kuilaumu ndege. Kagua kwanza raba ya adapta, maana ikichakaa nayo huvuja.

Matundu ya statiki, yanayopokea shinikizo la hewa tulivu ya nje, yana adapta zake. Kazi ikiisha, kila kizibo kitoke. Mwaka 1996 ndege ya Aeroperú iliruka kutoka Lima ikiwa na utepe uliosahaulika juu ya matundu hayo baada ya kusafishwa. Watu wote 70 walikufa.